Vichwa vya Zambarau

Kama ulisoma shule ya msingi ya umma Kenya hii kabla ya simu kuwa na kamera, unamjua huyo mtoto. Kichwa kimenyolewa kwa wembe, hadi ngozi. Juu ya ngozi kuna madoa makubwa ya zambarau, na kuanzia wiki ya pili madoa hayo yanabadilika kuwa rangi ya kifedha hivi, kama mgongo wa mende. Anakaa dawati la nyuma. Hakuna anayetaka kuvaa kofia yake.

Mimi nilikuwa huyo mtoto, mwaka mmoja, huko Soin.

Kabla hatujaendelea: mtu wa Nairobi akisikia Kericho anafikiria majani chai, ukungu wa asubuhi na sweta. Soin ni upande mwingine. Kwa Kipsigis, soin ni nchi ya chini, nchi ya joto, na mosop ni nchi ya juu yenye baridi. Ukitoka Kericho mjini ukiteremka kuelekea Muhoroni au Sondu, chai inaisha na miwa na mahindi yanaanza, na mbu pia. Watu wa juu walikuwa wakituambia sisi wa chini ati tuna magonjwa. Kwa malaria walikuwa na haki. Kwa ngozi, hata kidogo, na nitafika huko.

Tuanze na hiyo rangi. GV. Gentian violet. Dispensari yoyote ilikuwa nayo, kwenye chupa ya kahawia yenye kifuniko kilichoganda. Vidonda vya mdomo, GV. Kidole kimeoza, GV. Mtoto mchanga ana utando mweupe kwenye ulimi, GV. Na mapunye, yale mabaka ya mviringo kichwani ambapo nywele zinakatika na ngozi inatoa magamba, basi GV tena, mara mbili kwa siku, hadi foronya zote nyumbani zigeuke zambarau.

Historia ya rangi yenyewe inaanza na malaria, jambo ambalo mtu wa Soin hawezi kulipuuza. Mwaka 1856, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 tu, alikuwa kwenye maabara aliyojitengenezea nyumbani kwao London akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikutokea. Kilichotokea ni uchafu mweusi ambao alipousafisha kwa spiriti ulitoa zambarau safi kabisa. Akaacha shule, akafungua kiwanda cha rangi, akatajirika. Wakemia wa Ulaya wote wakaanza kuchokora lami kutafuta rangi zao, na mwaka 1861 Mfaransa Charles Lauth akapata jamii ya zambarau ambayo ndiyo mama wa GV. Ilikuwa rangi ya nguo. Kwamba ingepakwa kichwani mwa mtoto hakuna aliyewaza.

Madaktari waliingia baadaye, kupitia hadubini. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, Mdenmaki aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aligundua kwamba zambarau ya namna hii inashika bakteria wengine na kuwaacha wengine. Mwaka 1912 Mmarekani John Churchman akaonyesha kwamba wale wanaoishika rangi hiyo wengi wao pia hawakui vizuri ikiwepo. Hapo rangi ikawa dawa. Na ilikuwa dawa nzuri kwa hospitali zisizo na pesa: ya bei rahisi, haiozi kwa joto, haihitaji friji, na muuguzi anaona kwa macho nani amepakwa na nani bado. Hiyo sababu ya mwisho huwa haiandikwi vitabuni lakini naamini ndiyo iliyoifikisha kila shule.

Sasa shida. GV inaua bakteria kadhaa wa ngozi na inaua kuvu ya mdomoni. Kwa vidonda vyenye usaha vya watoto, vile vinavyoacha ukoko wa rangi ya asali kuzunguka pua, inasaidia kweli. Lakini mapunye hayakai juu ya ngozi. Kuvu ya mapunye inaingia ndani ya unywele wenyewe, inashuka hadi kwenye shimo la mzizi, inakula ile protini ya nywele na kuzaa humo humo. Ukipaka rangi juu, ni kama kupaka rangi ukuta ilhali mchwa wako ndani ya mbao. Ngozi ya juu inakauka, mama anafurahi, na baada ya mwezi baka linarudi pale pale na ndugu yake pembeni.

Kwa maneno mengine, vizazi vya watoto wa nchi hii walipakwa rangi kichwani, wakachekwa, wakapewa majina, kwa dawa ambayo haikuwa na njia ya kufikia ugonjwa. Nilipolijua hilo nikiwa chuo nilikasirika kwa siku mbili.

Na kuna kichekesho kimoja hapa. Kuvu inayosababisha mapunye mengi Afrika Mashariki inaitwa Trichophyton violaceum. Ukiiotesha maabara, kundi lake linakua likiwa na rangi ya zambarau. Kwa hivyo tulikuwa tukipaka zambarau juu ya zambarau.

Dawa ya kweli ilikuwepo? Swali zuri. Kabla ya 1958, ukweli ni kwamba hakukuwa na kitu kizuri, hata kwa matajiri. Paris, kuanzia mwaka 1904, Raymond Sabouraud alikuwa akiwapiga watoto eksirei kichwani mpaka nywele zote zianguke, kuvu ianguke nazo. Ilifanya kazi. Ikasambaa duniani. Israeli, kati ya 1948 na 1960, ilipiga eksirei vichwa vya maelfu ya watoto, wengi wao wa familia zilizohamia kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mwaka 1974 daktari Baruch Modan na wenzake wakachapisha hesabu zao: watoto hao walikuwa wakipata uvimbe wa ubongo kuliko ndugu zao ambao hawakupigwa. Mwaka 1994 Israeli ikapitisha sheria ya kuwalipa fidia. Nikisoma hayo, GV yetu ilianza kuonekana kama bahati.

Griseofulvin ndiyo iliyofunga mlango wa eksirei. Ilipatikana mwaka 1939 London kutokana na kuvu nyingine, ndugu ya ile ya penisilini, lakini ilikaa karibu miaka ishirini bila mtu kuijaribu kwa mgonjwa. Mwaka 1958, James Gentles huko Glasgow aliwapa panya-buku wenye choa dawa hiyo kwa mdomo, wakapona. Inafanya kazi kwa sababu inaingia kwenye damu na kutoka ndani ya unywele unapoota, hivyo unywele mpya unazaliwa na kinga. Ndiyo maana lazima umeze wiki sita hadi nane. Unasubiri nywele zikue. Na ili iingie vizuri mwilini inataka mafuta, yaani unaimeza pamoja na maziwa. Kwa Mkipsigis kuambiwa dawa inamezwa na maziwa, hapo hakuna mjadala.

Lakini vidonge vya wiki nane vina bei, na rangi ilikuwa ya bure. Hiyo ndiyo sababu nzima.

*

Upele ni hadithi nyingine, na hapa ndipo wale watu wa juu na sweta zao wanaingia.

Chai ya Kericho haikuanza kama kitu cha kale. Baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilichukua ardhi ya Wakipsigis ikawapa maafisa wa jeshi waliojeruhiwa, wakalime kitani. Mradi ukaanguka vibaya. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na kampuni ya James Finlay wakaingia, na chai ikaanza kwa ukubwa tunaoujua. Chai inataka mikono mingi. Mikono ilitoka Nyanza, Gusii, kwa Waluhya, na baadaye kwa Wakipsigis wenyewe, na ilihitaji mahali pa kulala. Kwa hivyo kambi: safu za nyumba ndogo zinazofanana, chumba kimoja kwa familia nzima, bomba moja kwa watu wengi. Shangazi yangu alikaa kwenye moja ya kambi hizo miaka mingi. Mvua kila alasiri, nguo hazikauki, watoto wanne kitanda kimoja chini ya blanketi moja kwa sababu ya baridi.

Upele ni kijidudu, jamaa wa kupe, mdogo kiasi kwamba ukimwona kwa jicho ni kama nukta. Jike anachimba handaki kwenye ngozi, kati ya vidole, kwenye kiwiko, kiunoni, anataga mayai mawili matatu kwa siku. Mwasho hauji mara moja. Mtu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kujikuna, na wakati huo wote anawapa wengine. Ndiyo sababu nyumbani kila mtu anamlaumu yule aliyeanza kujikuna, ilhali aliyeleta anaweza kuwa mwingine kabisa.

Kwa muda mrefu dunia iliamini upele unatoka kwenye uchafu na blanketi. Jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili lilikuwa likitumia pesa nyingi kuchemsha matandiko ya askari. Mwanabiolojia Kenneth Mellanby, kuanzia 1941, akawakusanya Sheffield vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, wakakubali kufanyiwa majaribio. Walilala kwenye blanketi za askari wenye upele, bila kuoshwa. Walivaa nguo za ndani za wagonjwa zikiwa bado na joto. Karibu hakuna aliyepata. Kisha wakalala kitanda kimoja na mgonjwa, uchi. Hapo ikashika. Mellanby pia alihesabu vijidudu, akakuta mgonjwa wa kawaida ana wastani wa kama kumi na moja tu mwili mzima. Kumi na moja! Na mtu hajalala mwezi.

Kwa hivyo upele unataka ngozi kwa ngozi, muda mrefu, usiku. Unataka watoto wanne kitanda kimoja. Sabuni haina neno na hilo; mtoto anaweza kuoga mara mbili kwa siku na bado akawa nao. Lakini nenda shule yoyote, enzi hizo na hata sasa, usikie anavyoambiwa mwenye upele. Ati mchafu. Ati mama yako haogeshi watoto. Watu wa nchi ya juu waliotucheka kwa mbu wetu walikuwa wamepangwa kwenye nyumba ambazo upele ungeweza kuzichora mwenyewe.

Dawa tuliyoijua ni BBE, ile maziwa nyeupe inayonuka na kuchoma kama pilipili ukiwa umejikuna. Maelekezo yake ni rahisi na hakuna anayeyafuata: paka mwili mzima kuanzia shingo hadi unyayo, kila mtu wa nyumba, usiku uleule. Tulikuwa tunapakwa yule anayejikuna tu, pale anapojikuna tu. Chupa moja haiwezi kutosha watu saba, na mama ananunua moja. Wiki tatu baadaye tunaanza upya.

Na watu wanaona upele kama kitu cha kuchekesha, jambo la kukuna na kusahau. Mtoto wa shangazi yangu hakusahau. Alijikuna hadi vidonda, vidonda vikaingiwa na bakteria, vikakauka, tukadhani imeisha. Wiki chache baadaye akaamka uso umevimba, macho yamefungika, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya strungi. Bakteria wa ngozi wa jamii ya streptokoki wanaweza kufanya hivyo: mwili unapigana nao, na silaha zake zinaishia kuziba vichujio vya figo. Alilazwa. Alipona, wengi wa watoto hupona, lakini ile asubuhi bado naiona. Kila nikisikia mtu anasema ni upele tu, nakumbuka kile kikombe alichoshika mama yake akienda kumwonyesha muuguzi.

*

Funza nitawapitia haraka, maana wameandikwa sana, na kila mwaka mwanasiasa mmoja anapigwa picha akiosha miguu ya mtu. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba funza si wa hapa. Waliletwa. Mwaka 1872 meli ya Waingereza iitwayo Thomas Mitchell ilifika Ambriz, Angola, kutoka Rio de Janeiro, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na funza wakiwa kwenye mchanga. Kutoka hapo walivuka bara zima kwa miguu ya wapagazi na misafara, na mwisho wa miaka ya 1890 walikuwa wamefika Zanzibar. Bara zima ndani ya miaka kama ishirini na mitano, bila reli. Babu wa babu yangu yawezekana alikuwa mtu wa kwanza kwenye ukoo wetu kutolewa funza, na hakuwa na neno la kumwita.

Siku hizi kuna mafuta ya dimethikoni ambayo yanamziba mdudu pumzi bila kumchimbua, na tafiti zake kadhaa zilifanywa hapa Kenya. Afadhali hayo kuliko pini moja inayozunguka miguu ya familia nzima.

Buba, kwa upande mwingine, ni ugonjwa ambao kizazi chetu hakiujui kabisa, na hiyo ni sifa yake. Vidonda vikubwa kama mulberi, kwa watoto, baadaye mifupa. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuwadunga watu wenye buba sindano za bismathi, na vidonda vilifungika haraka kiasi kwamba watu walitembea mbali kufuata sindano. Halafu kati ya 1952 na 1964, WHO na UNICEF wakapita nchi 46 na penisilini. Nina nadharia yangu, isiyo na ushahidi wowote zaidi ya kogo yangu, kwamba imani ya wazee kwa sindano ilizaliwa hapo. Kogo akipewa vidonge anasema hajatibiwa.

Na mto. Siwezi kuandika juu ya ngozi upande huu wa nchi bila mto. Mwaka 1921 F. W. Dry, mtaalamu wa wadudu wa koloni, alichapisha makala akishuku kwamba kuna ugonjwa wa watu Kenya unaobebwa na inzi wadogo weusi wa mitoni. Ulikuwa usubi, ambao dunia inauita upofu wa mtoni, lakini kabla ya kufika machoni unaanza na ngozi: mwasho usioisha, ngozi inazeeka, inakuwa na madoa ya chui. Mwaka 1946, kusini mwa Nyanza, P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walimwaga DDT mtoni kuwaua viluwiluwi wa inzi hao, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda: hakuna aliyekuwa amewahi kuwaona viluwiluwi hao. Walitafutwa kwenye mawe na majani, hawapo. Ni mwaka 1950 tu ndipo van Someren na McMahon walipowakuta wamejishikiza kwenye kaa. Kaa wa mtoni, wale tuliokuwa tukiwakimbiza utotoni. Katikati ya miaka ya 1950 inzi huyo alikuwa amekwisha Kenya. DDT ina madhambi yake mengi na siitetei, lakini kuna wazee magharibi mwa Kenya ambao wanaona kwa sababu hiyo.

Ushindi huo ulikuwa na matokeo yasiyotarajiwa. Ivermectin, dawa iliyotokana na udongo ambao Satoshi Ōmura aliuokota Japani karibu na uwanja wa gofu, ilianza kugawiwa bure dhidi ya usubi mwaka 1987. Ikampa yeye na William Campbell tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nchi zenye usubi zilipata vidonge kwa mamilioni, na upele wa watu ukapungua njiani, kwa sababu ivermectin inaua vijidudu vya upele pia. Sisi hatukuwa na usubi tena, hivyo dawa hiyo haikuja kwa ajili hiyo. Kwetu Soin tuliijua kama dawa ya ng'ombe. Baba alikuwa akiwadunga fahali wake huku watoto wake watatu wamesimama kando ya zizi, tunajikuna. Upele uliingizwa na WHO kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na ivermectin ikawekwa kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya upele mwaka 2019. Ng'ombe walikuwa wametutangulia kwa karibu miaka arobaini.

*

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Mtoto wa dada yangu, darasa la tatu, ana baka kichwani ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Ameshapakwa. Si GV, hiyo imeanza kukosekana, na Kanada mwaka 2019 ilitoa onyo juu yake baada ya tafiti za wanyama kuonyesha hatari ya saratani. Amepakwa krimu ya kutoka kemisti, tyubu ndogo isiyo na karatasi ndani, ambayo majirani wote wanaitumia kwa kila kitu: choa, chunusi, kung'arisha uso. Nikasoma maandishi madogo. Steroidi kali, pamoja na dawa ya kuvu na antibiotiki, zote tatu kwenye tyubu moja. Steroidi inanyamazisha mwasho na wekundu ndani ya siku mbili, mtu anasema imepona, na chini yake kuvu inaenea bila kelele, sasa bila hata ile duara inayomsaidia daktari kuitambua. Angalau GV haikudanganya. Ilikutangaza.

Tukaenda dispensari na dada. Afisa wa kliniki, kijana wa rika langu, alikwangua kidogo, akauliza kuhusu kinyozi na mashini yake, akauliza kama kuna ndama nyumbani wenye mabaka, maana ng'ombe nao wana choa chao na wanatoa. Akaandika griseofulvin, wiki nane, pamoja na maziwa. Akasema shampuu ya ketokonazoli kwa nyumba nzima, kwa sababu mtu mzima anaweza kubeba kuvu hiyo kichwani bila dalili. Akamwambia dada asimtoe mtoto shuleni.

Jioni kogo alimshika mtoto kichwa, akakigeuza upande wa taa, akakigeuza tena.

"Mmetoka hospitali kweli?"

"Ndiyo, kogo."

"Na rangi iko wapi?"

Dada akamwonyesha vidonge. Kogo akavitazama, akanirudishia mimi, akaenda jikoni kuleta maziwa.